Picha ya Ukuta wa Haji Taya

Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado linahangaika nyuma ya mitende, Wadii Fanusi huwa ameshavuka daraja la mto Nile pale Esna na baiskeli yake na kuingia kijijini kwetu. Kamera yake ya Kirusi hulala kifuani, ndani ya mfuko ambao mkewe aliushona kutokana na suruali kuukuu. Siku nyingine zote anapima miwa kwenye kiwanda cha sukari. Ijumaa ni yake peke yake, na anaitumia kupiga picha kuta zetu.

Msicheke. Mimi nimeshacheka kwa niaba yenu, tena miaka mingi, na hatimaye nikanyamazishwa. Maana ni Wadii huyu huyu aliyemtoa Bi Nabawiya ndani ya nyumba iliyokuwa inataka kumwangukia, wakati sisi wengine wote, na mimi mwenyewe nikiwemo, yaani mimi Qinawi ambaye nimesuluhisha koo mbili zenye bunduki, tulikuwa tumeshindwa.

Kwetu mtu akienda Hija, watu wa nyumbani hawamngojei mikono mitupu. Humwita fundi Bahgati. Bahgati hupaka chokaa ukuta wa mbele, kisha anachora safari nzima: Kaaba, meli au ndege, ngamia, simba mwenye upanga, na jina la haji kwa herufi unazoweza kuzisoma ukiwa katikati ya mto. Haji akirudi anakuta safari yake imeshasimuliwa. Mimi nilikwenda kwa meli kutoka Safaga, nikatapika kutoka gati hili mpaka gati lile. Bahgati akanichorea ndege, na mimi nimetoa kichwa dirishani napunga mkono. Niliporudi niliitazama ile ndege, nikasema hapa pasiguswe na mtu. Tangu siku hiyo mimi nilikwenda kwa ndege, na mke wangu ni shahidi.

Wadii ni Mkristo, tena shemasi kwenye kanisa lao. Sisi tunamwita injinia, kama tunavyomwita kila mtu mwenye kalamu mfukoni. Kila nikimkuta amechuchumaa mbele ya ukuta namchokoza.

"Injinia, wewe umeiona Kaaba mara nyingi kuliko imamu wetu. Umebakiza kunyoa kichwa tu."

"Na wewe, Haji Qinawi, ndege yako ina bawa moja. Ulifikaje?"

"Kwa dua za mama."

"Basi mama alikuwa na mafuta mengi ya ndege."

Nilimuuliza siku moja nini kilichompata mpaka akapenda kuta. Akaniambia kwamba utotoni, kwenye uchochoro wao mjini Esna, jirani yao alikuwa na ukuta wenye meli ya buluu. Wadii alijifunza kusoma kwa herufi za ukuta ule kabla hajafika shule. Siku moja akarudi kutoka shule, akakuta saruji. Meli hakuna. Jirani alikuwa ameongeza chumba. Wadii alilia, na watu wakamuuliza nani amempiga. Alipoanza kupata mshahara, kitu cha kwanza alichonunua si kitanda, ni kamera, kutoka kwa fundi mmoja wa Aswani aliyekuwa ameachiwa na Warusi waliojenga bwawa.

Picha anazisafisha mwenyewe, chooni. Ameziba dirisha kwa blanketi na kufunga taa nyekundu, na ole wako ukibanwa na tumbo Ijumaa jioni nyumbani kwa Wadii. Mkewe, Insafu, aliniambia mimi mwenyewe: "Ami Qinawi, wanawake wenzangu wanaogopa mke mwenza. Mimi mke mwenza wangu ni sanduku la picha, na ndilo linalooga kwanza." Lakini nilimwona akizianika picha kwenye kamba, akizipuliza zisishikane, taratibu kama mtu anayeanika nguo za kichanga.

Sasa, tatizo la Wadii lilikuwa sisi. Yeye anataka ukuta. Lakini nani kwetu atamwacha mgeni apige picha nyumba yake, naye mwenye nyumba akajificha kama anayedaiwa? Ni aibu. Mwenye nyumba ataingia ndani, atavaa kanzu safi, atafunga kilemba upya, kisha atakuja kusimama katikati ya ukuta wake, kifua mbele. Wadii ataomba kwa adabu zote.

"Haji, tafadhali, sogea kidogo kushoto."

"Nisogee niende wapi? Hija nimekwenda mimi au ukuta?"

Filamu ni ghali, hawezi kupiga mara mbili. Anapiga, anakunywa chai, anashukuru, anaondoka na picha ya haji mnene na kipande cha mkia wa ngamia. Nyumba baada ya nyumba ilikuwa hivyo. Wakati mwingine alirudi kwa kuvizia tukiwa msikitini, lakini kuna akina mama, na kuna mbwa.

Haji Taya, mwenye mashine ya kusaga, ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Mtu mpana yule. Akisimama mlangoni nyumba inaingia giza. Yeye na mkewe, Bi Nabawiya, walikwenda Hija pamoja, na ukuta wao ulikuwa bora kijijini, ukiacha wangu. Wadii alipokuja kuupiga picha, Taya alisimama katikati na mikono kiunoni, hakusogea hata kidole. Miaka michache baadaye akafariki, Mungu amrehemu.

Bi Nabawiya akabaki na ule ukuta. Kila alasiri alikuwa anakaa kwenye baraza la udongo chini yake, bata wake miguuni, akichambua dengu na kuzungumza. Tulidhani anazungumza na bata.

Maji ya mashamba yalikuwa yamepanda ndani ya matofali ya udongo, kama yalivyopanda kwenye nyumba zetu zote za zamani. Majira ya baridi moja ukuta ukapasuka, ufa ukashuka kutoka paani, ukapita katikati ya Kaaba mpaka barazani. Ukitia mkono unahisi upepo wa chumbani. Mwanawe, Rifai, alikuwa ameshajenga nyumba ya zege ng'ambo ya njia. Alitegemeza ukuta kwa magogo ya mitende, akamwomba mama ahame. Mama akakataa. Akaomba tena, akalia. Mama akampa leso na kukataa.

Rifai akaja kwangu. "Ami, wewe maneno yako yanasikika. Kazungumze naye, la sivyo utanikuta nafukua maiti yake siku moja."

Nikamwambia, mwanangu, kabla chai haijapoa atakuwa amehama. Nikavaa joho langu la sufu nikaenda.

"Dada Nabawiya, ukuta huu utakuua."

"Na wewe mdomo wako utakuua. Mbona bado uko hai?"

"Taya angekuwepo angekuambia uhame."

"Taya yupo." Akaonyesha ukutani kwa kidole chenye unga wa dengu. "Pale, karibu na ngamia. Na mimi ubavuni kwake, na shuka nyeupe. Mahali pengine popote duniani sijachorwa naye, wala sijapigwa picha naye, maana yeye aliona haya na mimi niliona haya. Nihame niende kukaa chini ya ukuta mtupu wa zege? Nikazungumze na nani, Qinawi? Na wewe?"

Nilitoka. Bata wake mmoja alinisindikiza kwa kunidonoa miguu mpaka njiani. Hakuna anayejua habari hiyo, na nawaombeni iishie hapa.

Ijumaa iliyofuata nilimweleza Wadii, ili tu nipate wa kumlalamikia. Akaegesha baiskeli. "Ukuta wa Haji Taya ninao," akasema. "Yaani ninao pembe zake. Katikati ni Haji Taya." Kisha akauliza, "Bahgati akiwa na picha, anaweza kuurudia kwenye zege?"

"Bahgati hakumbuki hata alichokula. Lakini akiwa na picha, kwa nini asiweze?"

Basi Wadii akageuza baiskeli bila kupiga picha hata moja siku hiyo. Insafu alituambia baadaye kwamba alipekua sanduku lote, kisha akajifungia chooni na kuikuza ile picha kubwa kadiri karatasi zilivyoruhusu, vipande vipande, akaviunganisha kwa gundi ya unga. Familia nzima ilikwenda kujisaidia kwa jirani.

Akaileta Ijumaa nyingine, ameizungushia shuka. Tukakusanyika barazani kwa Bi Nabawiya: mimi, Rifai, na fundi Bahgati, ambaye mkono wake hutetemeka mpaka anywe chai ya pili. Wadii akaitandaza picha juu ya mkeka na kuilalia pembeni isijikunje.

Bi Nabawiya aliinama. Alimgusa Taya kwenye kilemba, akamgusa begani, akateremka na kidole mpaka kwenye tumbo. Kisha akainua uso.

"Mimi niko wapi?"

Wadii akaweka kidole juu ya kifua cha Taya.

"Mama," Wadii akasema polepole, "uko nyuma yake. Mahali alipochorwa yeye na wewe, ndipo alipokuja kusimama."

"Amenifunika!" Bi Nabawiya akajipiga kofi pajani. "Kitandani alinifunika, kwenye basi la Madina alinifunika dirisha, na hata hapa? Ee Taya!" Na hapo akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayakukoma alipoacha kucheka. Rifai akatazama pembeni.

Wadii alikuwa amesawijika. "Nilimwomba asogee, mama. Nisamehe. Ningeng'ang'ania."

"Ungeng'ang'ania na nani, mwanangu? Mimi niling'ang'ania miaka yote."

Kisha Wadii akaonyesha ukingo wa picha, kwenye kivuli cha mlango. Lilikuwa limetokeza sinia, na mkono unaolishika, wenye bangili mbili. Bi Nabawiya akatazama mkono wa kwenye picha, akatazama wake. Bangili zilikuwa zile zile.

"Chai yako, injinia," akasema. "Nilikuwa nakuletea chai."

Siku moja kabla angeulizwa, angeapa kwamba hajawahi kuingia picha moja na mumewe. Sasa alikuwa ameipata, na sinia juu yake. Aliitazama ile picha mpaka chai ya Bahgati ikapoa, na hakuna aliyethubutu kumharakisha, hata mimi.

Bahgati ndiye aliyekohoa. "Haya, bibi. Mimi nichore nini hapa katikati? Nimtoe huyu mzee, niwarudishe nyote wawili wenye shuka za Hija kama zamani? Sikumbuki nilivyowachora."

"Usimtoe. Mchore hivyo hivyo alivyo, na mikono kiunoni. Sijapata kumwona vizuri hivi tangu afe. Halafu unichore mimi ubavuni kwake. Mbele ya mlango. Nisiwe nyuma."

"Ubavuni hapana nafasi, bibi. Tazama alivyojaa."

"Basi zege la Rifai ni refu. Msogeze."

Bahgati alifanya kazi majuma kadhaa kwenye ukuta wa zege, na kijiji kizima kikawa fundi. Picha ya Wadii haina rangi, kwa hiyo rangi ilibidi zitoke vichwani mwetu, na vichwa vyetu vinagombana. Bi Nabawiya akashikilia kwamba ngamia alikuwa wa kijani.

"Nani anayechora ngamia wa kijani?" Bahgati akang'aka.

"Wewe. Hudhurungi ilikwisha, ukaona uvivu kwenda sokoni."

"Uongo!"

Wadii akachukua kisu, akakwangua kidogo ukuta wa zamani, kando ya ufa. Kijani. Bahgati akadai chai nyingine.

Siku rangi ilipokauka Bi Nabawiya alivuka njia. Hakubembelezwa. Alitangulia na mkeka, bata nyuma yake, Rifai na mimi tukibeba masanduku (mimi lile zito). Akasimama mbele ya ukuta mpya. Taya amejaa na mikono yake kiunoni, na ubavuni mwanamke mwenye shuka nyeupe na bangili mbili. Akatandika mkeka chini yao, akaomba dengu zake.

Ukuta wa zamani ulijilaza wenyewe siku ya soko, mchana, kabla Rifai hajafika na nyundo. Baraza lote lilifunikwa, pale pale alipokuwa akikaa. Vumbi lilipotulia tulikwenda kutazama. Rifai akapanda pikipiki mpaka kiwandani, akamkumbatia Wadii mbele ya matrekta yote ya miwa, na foleni ikasimama, na madereva wakatukana.

Bi Nabawiya yeye alioka mikate ya jua, ile inayoumuliwa juani, akatoa bata mmoja, si yule aliyenidonoa, kwa bahati mbaya, akavipeleka mwenyewe Esna kwa Insafu. Alikaa kutwa. Aliingizwa kwenye kile choo chenye taa nyekundu, akaonyeshwa picha zote, kuta za watu waliokwisha kufa, na kila mmoja kasimama mbele amejaa. Aliwataja kwa majina, na Insafu akawa anaandika nyuma ya kila picha.

Nyumba ya Rifai inapakana na yangu, na zege siku hizi ni jembamba. Kila alfajiri namsikia Bi Nabawiya akimaliza swala na kuanza dua. Anaanza na Taya, anakuja kwa wanawe, kisha anamtaja Wadii, mwana wa Fanusi, mpima miwa, mume wa Insafu, anayekaa nyuma ya kanisa, kwa sauti ya juu na kwa kituo, Mungu asije akampa heri Wadii mwingine. Nami huku upande wa pili naitikia amina. Naitikia kimya kimya. Akinisikia niko macho atataka nikamletee samli.