Sahani ya Maji Juu ya Friji

Mume wangu aliendesha basi hapa London maisha yake yote ya kazi, na kilichomuudhi hakikuwa foleni wala abiria walevi. Kilikuwa ni kugeuza. Kila alipofika kituo cha mwisho ilimbidi ageuze arudi alikotoka. "Siku moja," alikuwa akiniambia, "nitakipita kile kituo, na sirudi mpaka nichoke mwenyewe."

Alipostaafu akanunua gari kuukuu la kulala, lenye kitanda na jiko ndani, akaliegesha mbele ya nyumba yetu Walthamstow. Friji yake ilikuwa imekufa. Bila friji hatuendi popote, kwa sababu mume wangu anajidunga insulini, na akiba ya insulini ya safari ndefu lazima ikae baridini. Basi safari yote aliyoingoja ikawa inategemea friji.

Yeye alitaka friji kubwa ya nyumbani, ya umeme, ifungwe pamoja na betri za kuiendesha. Mimi nilitaka ndogo ya gesi. Tukabishana kama watu wanaogombea kiwanja.

"Baba watoto, huko milimani Scotland utachomeka wapi?"

"Betri si zipo?"

"Na zikiisha?"

"Sasa friji isiyoingia sufuria ya pilau, hiyo ni friji au kabati la dawa? Tukipata mgeni je?"

Mgeni! Mlimani, kwenye mvua! Lakini ndivyo tulivyolelewa, kumpikia mgeni ambaye hata hajazaliwa, kwa hiyo sikumcheka sana.

Tukaenda kwa mzee mmoja wa Kihindi anayeuza vifaa vya magari haya. Ni mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko cha watoto wetu, ambao ukiwasemesha wanakujibu kwa Kiingereza.

"Mama," akasema, "mkilala kambi zenye plagi, chukueni ya nyumbani. Kubwa, inapoa upesi. Mkilala porini, ya gesi. Kimya kabisa, na mtungi wake unadumu. Lakini ya gesi ina maringo yake. Ikiinama tu, inagoma."

Akanionyesha kwa nyuma mahali mwali unapowaka, nikainama kuchungulia. Moto unaoleta baridi! Nilikua na friji ya namna hiyo.

Kwetu Muheza, mama alikuwa na friji ya mafuta ya taa, aliyouziwa na meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Humo aligandisha barafu za ukwaju za kuwauzia watoto wa shule, na barafu hizo ndizo zilizotusomesha. Kila asubuhi alipiga magoti kuchungulia mwali wa utambi. "Wa bluu, barafu. Wa njano, masizi," alisema. Juu ya friji ilikaa sahani ya bati yenye maji, na ole wako uiguse. Maji yakiegemea upande, mama alisokomeza kibao chini ya mguu wa friji mpaka yalale sawa. Harufu ya mafuta ya taa ikichanganyika na ukwaju, sijaipata tena popote katika jiji hili. Ninamkumbuka mama mpaka machozi.

Tukachukua ya gesi. Nilishinda kwa kununa, si kwa hoja.

Fundi akaifunga, tukaiwasha, tukaijaza chakula. Safari ilikuwa kesho yake. Asubuhi nilipofungua mlango wa friji nikapokewa na joto, na maziwa yamechacha. Mume wangu alitazama, akaufunga mlango wa friji taratibu. Heri angefoka. Alianza kutoa nguo zake garini, moja moja, akizirudisha ndani ya nyumba.

"Basi," akasema. "Mimi nilizaliwa niwe wa kugeuza."

Moyo uliniuma, halafu nikapandwa na hasira, na hasira ndiyo iliyonipeleka jikoni. Nikachukua sahani, nikaitia maji, nikaenda kuiweka juu ya friji. Maji yote yakakimbilia ukingo mmoja. Mtaa wetu una mteremko, na miaka yote hiyo niliujua kwa magoti tu, nikitoka sokoni na mizigo.

"Rudisha nguo," nikamwambia. "Tafuta mbao."

Akapandisha magurudumu juu ya mbao, mbele kidogo, nyuma kidogo, nami ndani nikipiga kelele, "Bado! Bado! Hapo hapo!" Dereva mzima wa basi akiongozwa na sahani. Kesho yake tulikuta barafu. Nilikuwa nimemgandishia ya ukwaju, bila sukari kwa ajili ya ugonjwa wake. Akaing'ata, uso ukamkunjamana, akacheka mpaka akakohoa.

Siku hiyo tulikipita kituo chake cha mwisho. Alipunguza mwendo akakitazama, akapiga honi ndefu isiyo na sababu, akakanyaga mafuta.

Siku hizi macho yamemgomea, na leseni ameshairudisha. Gari linakaa tu mbele ya nyumba, juu ya mbao zake. Watoto wanasema tuliuze. Mimi kila Ijumaa naingia, nawasha friji, naweka sahani juu yake. Naye huja akipapasa ukuta, akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva na kushika usukani.

"Maji yamelala?" huniuliza.

"Yamelala, dereva. Twende."