Kishimo Usoni pa Kifutu

Nilipofika kijijini Didia nilimkuta shangazi ameinua jembe mbele ya nyoka aliyejikunja kando ya magunia ya pamba.

"Kifutu huyo, usisogee," akaniambia.

Mjuaji mimi, nikatoa simu. Nilishasoma mtandaoni kwamba nyoka wa aina hiyo, mnene, mwenye kichwa cha pembetatu, akiwa na sumu lazima awe na kishimo kati ya jicho na pua. Nikampiga picha, nikaikuza, nikatafuta kishimo. Hakuna. Basi nikamwambia mwanamke aliyelima miaka yote penye nyoka ashushe jembe, huyu hana sumu. Akalishusha, kwa sababu eti mimi nimesoma. Nyoka akajipenyeza chini ya magunia.

Jioni alimng'ata mbwa wa shangazi. Kulipokucha mbwa alikuwa amekufa, uso umevimba hata macho hayaonekani.

Ndipo nikausoma ule ukurasa hadi mwisho. Ulihusu nyoka wa Amerika. Kifutu wetu hana kishimo hicho, na sumu anayo tele.

Majirani wakaja, wakauliza ni mjinga gani aliyemwona kifutu akamwacha.

"Ni mimi," shangazi akajibu.

Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, simu mkononi. Nikaitia mfukoni.