Mkebe wa Hadithi Kando ya Bwawa

Wachumaji chai waliliita ziwa. Baba yangu, aliyezaliwa kando ya ziwa kubwa la kwetu, alicheka kila alipowasikia: maji ambayo unamwita mtu ng'ambo na anakuitikia, hayo nayo ni ziwa? Lilikuwa bwawa la kampuni, la kupeleka maji kiwandani, ambako baba alikuwa fundi wa boila. Njia ya miguu ililizunguka, upande mmoja chai, upande mwingine mikaratusi. Huko ndiko nilikompata rafiki ambaye sijapata mwingine wa kulingana naye, na huko ndiko nilikompoteza kwa upumbavu wangu.

Alikuwa binti wa shamba lililopakana na kampuni, Mkipsigis, na kila Jumamosi alileta ng'ombe wao kunywa maji. Mimi nilileta nguo za kufua. Tulizoeana upesi, kama watoto wanavyozoeana. Kisha ukaja mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ambapo watu wazima wa kabila lake na wa kabila langu waliacha kusalimiana vizuri. Baba yake akamkataza kuonekana nami. Mama yangu naye akanikataza.

Siku ya mwisho tuliyoongea alikuja na mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia na daftari. Akasema tutaandikiana hadithi za kale, zake na zangu. Kwa mdomo hatukuwahi kusimuliana, kwa sababu mama yake alimwambia hadithi ikisimuliwa mchana ng'ombe hupotea, na mchungaji alikuwa yeye. Lakini kuandika si kusimulia, alisema, na ng'ombe hawajui kusoma.

Basi mimi nikawa naenda Jumamosi asubuhi, yeye alasiri. Aliyeandika aliufunga mkebe kwa kipande cha gunia la mbolea, akauficha mahali papya kando ya njia, akaacha ramani chini ya jiwe langu la kufulia. Ramani zenyewe zilikuwa vituko. Bomba la kutolea maji lilikuwa mdomo wa Chemosit, lile dude la kwao la mguu mmoja ambalo mdomo wake huwaka mwekundu gizani. Nyumba ya pampu ilikuwa ya bibi kizee wa kwetu, aliyenyimwa pa kulala siku ya mvua mpaka kijiji kizima kikazama kikawa ziwa. Hatua thelathini kutoka mdomoni, geuka kwa bibi, chimba. Majina hatukuandika wala habari za nyumbani, askari wa kampuni asije akaupata.

Hadithi ya bibi kizee niliiweka kiporo kwa miezi, maana ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote. Nilipoiandika niliikata makusudi. Bibi amebisha milango yote, amefukuzwa, mvua inamnyeshea, umebaki mlango mmoja. Hapo nikaandika: Subiri Jumamosi. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu.

Alhamisi baba alitoka kazini mapema akasema kuna lori la kuwaondoa watu wa kwetu, tunaenda nyumbani, si kesho, leo. Kutoka kambi ya wafanyakazi tulikoishi hadi bwawani ni mwendo wa dakika kumi. Ningeweza kukimbia nikamwachie mwisho wa hadithi. Badala yake nilikaa juu ya godoro nimenuna, kwa sababu mama alikuwa amemgawa kuku wangu kwa jirani. Kuku! Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nyumbani nililichukia ziwa kubwa. Halikuwa na ng'ambo. Jumamosi zilikuwa ngumu kuliko siku nyingine, na nilimkumbuka yule msichana hata chakula hakikushuka. Barua ningeituma wapi? Sanduku la posta la kwao sikulijua.

Miaka sita baadaye niliitwa Kericho, mji ulio karibu na kampuni ile, kwa mahojiano ya chuo cha ualimu. Nilipomaliza nikaenda bwawani. Mikaratusi ilikuwa imekatwa kuwa kuni za kiwanda, na bila miti ile sikujua hata pa kuanzia kuchimba. Nikapanda mpaka kwao. Mama yake alikuwa anakatia ng'ombe majani.

"Chamgei, mama," nikamsalimu, nikajieleza: mtoto wa fundi wa boila.

Aliweka panga chini. "Ni wewe ya mkebe?"

Akaniketisha, akanipa chai. Msichana alikuwa ameolewa Mulot, ana mtoto mmoja.

"Alikungoja sana," akasema. "Akaenda mpaka kambi kuuliza, akapata watu wengine kwa nyumba. Sasa akaanza kumaliza hiyo hadithi yako yeye mwenyewe. Jioni ananisomea kwanza, halafu Jumamosi anapeleka kwa mkebe. Mwaka mzima."

"Aliimalizaje, mama?"

"Kila mara tofauti. Lakini huyo bibi anafunguliwa mlango. Anapewa uji, analala. Hakuna mtu anakufa."

Niliweka kikombe chini.

"Nimwambie utakuja lini?" akauliza. "Mulot si mbali. Atakuja na mtoto umwone."

Gari langu la kurudi lilikuwa saa nane mchana uleule, na nilijua kesho sitakuwapo. Ila sikuweza kumwambia mama yule kwamba sijui nitarudi lini.

"Kesho," nikasema.

Akasimama palepale akamwita jirani aliyekuwa anakwenda Mulot, apeleke habari.