Nilivyoondoa maharage ya majirani wote juu ya mwamba kwa kuzidisha palipotakiwa kugawanya

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mnisalimie wenyewe.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Anayebisha aje nimpeleke kwa mama yangu, atamsimulia kwa furaha zote.

Mimi ni fundi simu na redio hapa Same mjini. Mzee mmoja aliyestaafu kutafuta madini aliniletea kipimo cha mionzi kilichokufa. Kidude cha zamani cha mshale, kizito kama pasi ya mkaa. Nikakifufua.

Mzee akasema, "Baki nacho kijana, miguu yangu imeshaikataa milima."

Basi nikajiona mwanasayansi. Nikapima duka zima. Nikapima na sufuria za mama ntilie wa jirani, akaniuliza kama nanunua chai au nimpishe.

Wiki hiyo nikapanda Chome, kijijini kwetu huko milimani, kumsalimia mama. Mnaopajua mnajua, ukungu unaweza kushinda hadi mchana, kukausha kitu ni shughuli. Ila nyuma ya nyumba yetu kuna mwamba mpana, jua likitoka kidogo tu unashika moto. Majirani wote huanika maharage pale, na ndiyo kwanza walikuwa wametoka kuvuna.

Nikaweka kipimo juu ya mwamba. Mshale ukasimama 0.02. Chini pameandikwa milirad kwa saa.

Sasa rad ni kipimo cha kizamani, siku hizi wanatumia gray. Nikaingia mtandaoni, nikakuta gray moja ni sawa na rad mia moja. Nikasema kumbe rahisi, unazidisha kwa mia. 0.02 mara mia ni mbili.

Miligray mbili kwa saa!

Nikasoma zaidi, nikaona kiasi kama hicho mtu hukipata kutoka kwenye mazingira kwa mwaka mzima au zaidi. Yaani kila saa mama anayokaa pale kuchambua maharage, anapigwa mionzi ya mwaka.

Jasho lilinitoka wakuu. Nikapita nyumba kwa nyumba kutangaza.

Mama Namsifu, jirani yetu, akauliza, "Mionzi ile ya picha hospitali?"

Nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu, "Afadhali hata hiyo."

Nusu saa haikuisha, mwamba ukawa mtupu. Kijiji hikihiki kimebishana kuhusu bomba la maji tangu nikiwa shule, lakini siku hiyo mabibi walikimbia na madebe kichwani.

Mama peke yake aligoma. Nikamwondolea kwa nguvu, nikamwaga maharage yake sebuleni.

Siku tatu zilizofuata ni ukungu na manyunyu. Vijua viwili vitatu vilivyotoka vikaupiga mwamba bure. Maharage yakaanza kunuka, mengine yakachipua. Na yale ndiyo mavuno yake yote, ya kula, ya kuuza na ya mbegu. Mama alikuwa anayageuza kwa mikono. Iliniuma sana, lakini nikajipa moyo kwamba bora yaoze maharage kuliko kumpoteza yeye.

Siku ya nne akaniita.

"Mbonea, hebu nisomee hiyo hesabu."

Nikamsomea.

"Hiyo gray moja ndiyo rad mia?"

"Ndiyo mama."

"Kwa hiyo gray ndiyo kubwa."

"Ndiyo."

"Gunia moja ni debe sita. Nikikuletea debe sita, utasema nimeleta magunia thelathini na sita?"

Wakuu, mama yangu aliishia darasa la nne.

Nikagawanya. 0.02 kwa mia ni miligray 0.0002, yaani mikrogray 0.2 kwa saa. Nikapima barabarani, nikapima nje ya kanisa, nikapima jikoni. Mshale ulicheza palepale. Ni mawe ya kawaida tu, na mimi nilikuwa nimeikuza namba mara elfu kumi.

Shida ikawa majirani. Niliwaonyesha hesabu mpya, wakasema hata ile ya kwanza niliwaonyesha.

Hukumu akatoa mama. Jumapili baada ya ibada nikakalishwa katikati ya mwamba, maharage yake yamenizunguka, makande yangu kwenye bakuli, wanaotoka kanisani wote wananiona. Kunyanyuka mpaka jioni.

Mama Namsifu akaja kunikagua. "Tumbo linasemaje?"

"Shwari."

Akasimama kama dakika kumi akiniangalia kichwani, nadhani akisubiri nywele zidondoke. Kisha akaenda, akarudi na debe lake, akamimina. Wengine wakafuata. Ilipofika saa kumi nilikuwa nimezingirwa pande zote, hata pa kutua mguu hakuna. Niliomba njia kama mtoto.

Karibu debe mbili za mama ziliharibika. Yaliyochipua alinifungia kwenye mfuko nirudi nayo mjini. "Haya ni ya kwako, mtaalamu."

Nilichojifunza: kabla ya kubadili kipimo chochote, jiulize kwanza kipi kikubwa. Ukienda kwenye kikubwa, namba lazima ipungue. Na usitangaze kabla mtu mwingine hajaikagua.

Waliowahi kuaibishwa na hesabu zao wenyewe waje hapa, nisiwe peke yangu.

Kipimo nilikiacha Chome. Mama anakandamizia turubai la maharage upepo usilipeperushe, na anasema tangu aanze kukitumia yeye hakijawahi kukosea.