Sahani ya Mama Mkwe

Siku ambayo mama mkwe wangu aliketi kula mbele yangu, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi. Unajua kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani wakitafuna. Sasa fikiria: nimekaa nyumbani Rugenge, mezani pana mishikaki inayotiririka mafuta, chipsi na soda, naye anatoka Lubarika, anaingia, anavuta kiti, anaketi.

Mimi na mke wangu tulikuwa tunatafuta mtoto wa kwanza. Yeye alilishwa mboga za lengalenga, maharagwe na samaki wadogo wa ndagala, na kila jirani alichungulia sufuria yake. Mimi hakuna aliyenichungulia. Nilikuwa nimenenepa, wenzangu wakanisifu kwamba ndoa imenikubali, nami nikavimba kichwa. Na hapo baba yangu alikuwa amekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, na kaka yangu ameshaanza dawa. Nilijiambia ni mambo ya ukoo, hayazuiliki.

Mama mkwe akasogeza sahani yangu pembeni, akaweka katikati ya kwake aliyokuja nayo, ya lengalenga na ndagala, akaanza kula. Niliinamisha macho. Kisha akasema, taratibu kabisa:

“Weye unawaza mutoto anatoka mu mama peke yake? Ile yenye unakula sasa, mutoto naye iko anakula. Minye nataka mujukuu mwenye iko na miguu yake yote.”

Nililia, sioni haya kukuambia. Kumkatalia nisingeweza, nikala naye zile ndagala, na tangu hapo kila akija anaketi mbele yangu. Majirani wakasema bibi huyu amekosa adabu. Yeye alicheka tu na kuniongezea mboga. Soda niliiacha kwa shida, nisikudanganye. Lakini tumbo lilishuka, pumzi ikarudi, na ndipo mke wangu akashika mimba ya Furaha.

Furaha leo ni mama. Juzi, akiwa na mimba nyingine, alipimwa sukari, akarudi akiimba tangu barabarani: damu yake ni safi. Bibi yake, mzee sana sasa, aliomba ile sahani ya zamani, akainuka kwa fimbo, akacheza nayo kichwani. Nami nilicheza, na magoti yangu haya.

Siku hizi wataalamu nao wanasema chakula cha baba kabla ya mimba kinaweza kugusa namna mwili wa mtoto utakavyotumia sukari na mafuta. Urithi upo, sikatai, na si kila kitu kiko mkononi mwetu. Kilichokuwa mkononi mwangu tulikishinda, mimi na yule mama.

Basi wewe unayejiandaa kuoa, usimwachie mkeo peke yake kazi ya kula vizuri. Anza sasa, mtoto akiwa bado ni maombi tu. Mungu aibariki sahani yako kwanza, kisha akujaalie wa kula naye.