Mdudu Aliyegeuzwa Kisiwa

Mjomba wangu anapiga picha za pasipoti. Mtaani wanamwita Kidevu Juu, maana ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja. Amri hiyohiyo alimpa mdudu.

Mdudu mwenyewe ana miguu minane, macho matupu hayamwoni, na anaishi kwenye utelezi wa kijani wa mfereji wa paa. Mjomba alinunua hadubini ya mtumba, akafunga kamera juu yake, akateka meza ya kulia. Wenzake wakala na sahani mapajani. Yeye anamtandikia mdudu kikaratasi cheupe, anamsubiri atulie, anambembeleza, "Kidevu juu, bwana mdogo." Mtu mzima na akili zake!

Mkewe akachoka. "Baba, kuna yale maonyesho ya picha za viumbe na bahari. Peleka moja. Mdudu wako akitundikwa, meza yako. Asipotundikwa, nataka kula kama binadamu."

Haya, mjomba akachagua picha safi kabisa. Lakini mazoea yana taabu. Akaifanyia anachowafanyia wateja wote: akalainisha ngozi, akafuta mikunjo, akatoa chunusi. Chunusi zenyewe zilikuwa mbili tu, nyeusi, usoni.

Yalikuwa macho. Kucha nazo akaziona uchafu, zikaenda.

Picha ikatundikwa kweli. Ukuta wa bahari, katikati ya mawimbi na matumbawe, na chini wameandika: "Kisiwa Asubuhi." Waamuzi waliona mchanga na ukungu, basi.

Nilikuwepo. Mjomba aliduwaa. Mkewe alikuwa ameshashinda, maana kilichotundikwa ni kisiwa, si mdudu; angenyamaza tu arudi na meza yake. Mara bwana mmoja mwenye tai akaanza kujigamba kwamba kisiwa kile anakijua, amewahi kuogelea pale, maji yake baridi.

"Umeogelea wapi, wewe?" mke wa mjomba akamrukia. "Huyo ni wa mfereji wangu! Kila asubuhi nakunywa naye chai, mgongo wake naujua!"

"Mama, polepole," mjomba akanong'ona.

"Nawe koma! Nani alikutuma umtoe macho mtoto wa watu?"

Msimamizi akaiteremsha picha palepale. Mdudu hana nafasi ukuta wa bahari, na ukuta wa viumbe umejaa.

Tulirudi nyumbani, mjomba kaikumbatia fremu. Mlangoni mkewe akampokonya, akaingia nayo, akaisimamisha mezani.

"Kaa hapo," akamwambia mumewe. "Umpige upya, na macho yake. Sisi tutakula popote."