Kitambaa Juu ya Kompyuta

Mpaka leo nikikutana na wazee wa upande wa shemeji naangalia viatu vyangu, na ninyi chekeni tu, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

Dada yangu Mwende alikuwa anaposwa. Wageni wametoka Kakamega, nyumba yetu ya mtaani Baba Dogo imejaa makoti, na kwetu neno la mjomba lisipotoka mgeni hajibiwi wala hapakuliwi chakula. Mjomba mwenyewe yuko Doha. Nikajipiga kifua, "Atakuwa kwenye skrini, niachieni mimi!" (Kompyuta yangu ilikuwa na wazimu wa kujizima, lakini wiki hiyo nilitoa RAM, ile kadi ya kumbukumbu, nikaisugua na raba ya penseli, ikatulia.) Basi, mfuniko wa pembeni sikuurudisha, nyaya zote nje, nikaona aibu, nikachukua kitambaa cheupe alichofuma mama nikaifunika yote. Ilipendeza, jamani!

Mjomba akatokea, akasalimia, akasafisha koo. "Sasa, kuhusu huyu kijana..." Pap! Giza.

Nikawasha. "Nilikuwa nasema..." Pap! tena.

Baba wa kijana akauliza polepole, "Ama mjomba hataki?"

"Hapana mzee, ni RAM tu," nikasema huku jasho linanitiririka, nikapiga magoti mbele ya watu wazima, nachomoa, nasugua, napuliza, narudisha, na kila nikimaliza natandaza kitambaa vizuri (baba ananiambia nipige simu ya kawaida, namjibu "Ngoja kidogo!"), harufu ya pilau inatoka jikoni na hakuna wa kuonja, na kwenye ufa wa mlango wa chumba namwona Mwende analia. Wageni wakaanza kufunga vifungo vya makoti.

Hapo ndipo mama alipokuja, si kunisaidia. "Unanichafulia kitambaa na vumbi lako!" Akakivuta, akashtuka. "Ala! Mbona kina moto hivi?"

Nikagusa kompyuta, inachoma. Feni ya kuipoza ilikuwa imezibwa na kitambaa, na aliyeiziba ni mimi.

Tukaiacha wazi ipoe, wageni wakabembelezwa kwa chai, ikawaka, mjomba akasema ndiyo yake bila kukatika, na vigelegele vikanikuta bado nimepiga magoti na raba mkononi.

Kufunika mashine tena? Mimi? Heri wageni wahesabu nyaya. Siku hizi kwa Mwende vitambaa viko kwenye viti, runinga, hata friji, ila kompyuta haina kitu, na kabla sijaketi ananiuliza mbele ya mumewe, "Kaka, raba umekuja nayo?"